Reli Haina Siku ya Kuisha

Swali linaloniudhi kuliko yote ni hili: "Itaisha lini?" Wanaouliza hawana nia mbaya. Wanaingia kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Morogoro, wanaona meza ndefu iliyoegemezwa ukutani, juu yake reli, daraja, mto wa gundi, stesheni yenye paa la bati, na treni ndogo inayopita kwa sauti ya nyuki. Wanafurahi, wanapiga picha, kisha wanauliza. Miaka mingi nimejibu kwa upole tu, "Bado kidogo." Sasa nataka kujibu vizuri. Haiishi. Na mtu anayedhani reli ni kitu cha kuisha, iwe hii ya meza yangu au ile ya nchi, hajaelewa reli ni nini.

Wapo pia wanaosema ni mchezo wa watoto, au mchezo wa Wazungu. Hao sitawapa muda mrefu. Bao nalo ni mchezo, na wazee wenye heshima zao hulicheza hadi jua linazama bila mtu kuwauliza umri. Na kuhusu Uzungu: kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha reli zake ndogo zenye vipimo maalumu mjini Leipzig mwaka 1891. Miaka 2 baadaye, 1893, Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Kubwa na ndogo zilitoka nyumba moja, wakati karibu mmoja. Kubwa tumeifanya yetu: tunaisafiria, tunaisimulia, tunaitukana ikichelewa. Ndogo nayo naifanya yangu. Basi.

Ugomvi wangu ni na wale wanaoipenda reli ila wanampuuza anayeitunza. Hao ni wengi, na baadhi yao ni wenzangu wenye meza kama hii.

Kwanza nieleze nilichojenga. Nimechukua kipande cha Reli ya Kati, ile iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Sikuchagua stesheni kubwa ya Dar es Salaam wala ya Tabora. Nilichagua kati ya Kilosa na Gulwe, ambako reli inaufuata mto bondeni na mto hauitaki. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mafuriko yaling'oa njia sehemu hiyo, tuta likasombwa, reli zikabaki zikining'inia hewani na mataruma yake kama ngazi, na treni zikasimama kwa miezi. Hapo ndipo panapoonekana reli inavyoishi. Mahali pengine mtu anaweza kudanganyika kwamba reli hukaa yenyewe, kama mlima.

Uwiano wangu ni 1 kwa 87. Mita 87 za kweli zinakuwa mita moja mezani, na mtu mzima anakuwa na urefu wa milimita 20 hivi. Meza ina mita 4.2, kwa hiyo nina mita 365 tu za dunia. Kutoka Kilosa hadi Gulwe ni kama kilomita 80. Ningetaka kuziweka zote ningehitaji zaidi ya mita 900 za meza, nitoboe kuta za majirani mtaa mzima. Nimeweka stesheni moja ndogo, kona moja, daraja moja la chuma, na ukingo mmoja wa mto ambapo maji yamelila tuta.

Ukienda kununua vifaa hivi, kitu cha kwanza utakachouziwa ni reli yenye upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87 unapata 1,435 na nusu, yaani geji ya SGR. Lakini Reli ya Kati ya zamani ni ya mita moja. Ikabidi niagize reli ya milimita 12, iliyotengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa reli nyembamba za milima ya Uswisi. 12 mara 87 ni 1,044. Nimezidi milimita 44, na hazininyimi usingizi. Mataruma yake yalikuja yakiwa na sura ya mbao. Yetu mengi ni ya chuma, kwa hiyo niliyapaka rangi ya kutu moja baada ya moja kwa brashi ya kucha.

Mpaka hapo ni ujenzi, na ujenzi kila mtu anausifu. Sasa sikia kazi yenyewe.

Umeme wa treni hizi unapita kwenye reli zenyewe: volti 12, reli moja chanya, nyingine hasi. Unapanda kupitia magurudumu hadi kwenye mota. Pale gurudumu linapogusa reli ni padogo kuliko kichwa cha pini, na uhai wote wa mambo uko pale. Vumbi kidogo, treni inasita. Mafuta kidogo, inasimama. Hata pasipo vumbi wala mafuta, magurudumu yenyewe yakizunguka huacha utando mweusi juu ya reli. Kwa maneno mengine, treni kwa kutembea tu inaichafua njia yake. Hakuna namna ya kuitumia bila kuichosha.

Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi nachukua kitambaa kisichotoa nyuzi, nakilowesha spiriti, nafuta reli ya kushoto na ya kulia hadi kitambaa kiache kutoka na weusi. Msasa ni marufuku kwangu. Unang'arisha siku hiyo, lakini unaacha mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo nyumba ya uchafu wa wiki ijayo. Nikimaliza reli nahamia kwenye magurudumu: naweka kitambaa chenye spiriti juu ya njia, injini inasimama nusu juu ya kitambaa na nusu juu ya reli, magurudumu ya nyuma yanapata umeme na ya mbele yanajisugua. Kisha naigeuza.

Halafu viungo. Vipande vya reli hushikana kwa vibati vidogo ambavyo baada ya mwaka mmoja au miwili hulegea na kupoteza umeme. Dawa yake ni kukipa kila kipande waya wake kutoka chini ya meza na kukiunganisha kwa risasi. Nina vipande 14, kwa hiyo nyaya 28, na kila moja nimeilala chali kuifikia. Mbao nazo zinapumua. Masika unyevu unashuka kutoka Uluguru, fremu inavimba, kiangazi inasinyaa. Usipoacha mwanya mdogo kwenye viungo, reli itapinda kama nyoka aliyekanyagwa. Mchwa wanaitaka plaiwudi. Panya wanautaka mpira wa nyaya. Mjusi kafiri ananyea daraja kila usiku, na kinyesi chake kikikauka juu ya reli kinaweza kuangusha behewa. Umeme ukikatika natumia betri ya gari, maana volti ni zile zile 12, lakini betri nayo inataka kuchajiwa na vichwa vyake kusuguliwa.

Kokoto yangu ni mchanga wa mtoni niliouchekecha kwa chujio la chai. Kabla ya kuubandika kwa gundi nyeupe iliyoongezwa maji na tone la sabuni, niliupitishia sumaku mara 3, kwa sababu mchanga wetu una chembe za chuma, na chembe moja ikirukia ndani ya mota inaimaliza injini. Hakuna mgeni aliyewahi kuisifia sumaku hiyo. Wote wanasifia injini.

Hesabu yangu ni hii: kuijenga ilichukua miaka 2 ya jioni na likizo. Kuitunza, huu ni mwaka wa 11. Sasa niambie ipi ni kazi na ipi ni utangulizi.

Marehemu baba yangu angecheka kusikia nalieleza hili kama jambo geni. Alikuwa nyapara wa gengi katika kipande hicho hicho. Gengi, kwa asiyejua, ni kikosi cha watu wanaokaa kambini kando ya njia na kuitunza. Asubuhi mmoja wao alitangulia na nyundo ya mpini mrefu na spana, akitembea kwa miguu kilomita zao zote, akigonga vilivyolegea, akikaza boliti. Wengine walifuata na sululu kushindilia kokoto chini ya taruma lililoshuka. Mvua ikinyesha usiku, waliamka usiku. Wakubwa walipita kwa kiberenge mara moja moja, wakapunga mkono. Treni ya abiria ilipita, watu wakiwa madirishani wanakula mahindi, na gengi lilisogea kando, likasimama tuli mpaka behewa la mwisho lipite, kisha likarudi kazini. Baba alifanya hivyo miaka yake yote, na sina picha hata moja inayomwonyesha akiwa kazini. Picha za vichwa vya treni vya enzi zake ninazo tele.

Ndiyo maana pale kwenye kona ya mto nimeweka watu 9. Wale wanaouzwa kwenye pakiti ni Wazungu wenye vizibao vya rangi ya machungwa, kwa hiyo hawa niliwatengeneza mwenyewe kwa waya mwembamba na gundi. Wanane wana sululu na mitaimbo. Mmoja amesimama pembeni na kofia, mkono kiunoni, anaangalia usawa wa reli.

Siku moja alikuja kijana mwenye kamera nzuri. Alikuwa anaandaa makala kuhusu watu wenye mambo yasiyo ya kawaida majumbani mwao. Akanipa shikamoo, nikaitikia, mama watoto akamletea chai. Alipiga injini kutoka kila upande. Alipiga daraja. Alipofika kwenye kona akasita, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mzee, samahani, hawa vibarua tunaweza kuwatoa kidogo? Wanaziba treni. Halafu hizo sululu zinafanya ionekane kama reli imeharibika."

Nikamwambia, "Mwanangu, haijaharibika kwa sababu hao wapo."

Alicheka, akahamia upande mwingine, akapiga kutokea huko. Makala ilipotoka ilikuwa na injini peke yake, inang'aa, kwenye njia isiyo na mtu.

Simlaumu kijana yule peke yake. Amefundishwa na wote tuliomtangulia kwamba reli maana yake treni. Na ninyi wenzangu wenye meza hizi, siwaachi. Mnanunua injini ya tatu kabla hamjafuta njia ya ile ya kwanza. Mnaweza kubishana wiki nzima juu ya upana wa mstari mweupe ubavuni mwa kichwa cha dizeli, lakini ukiuliza taruma la kona limeshushwa na nini, kimya. Mnajenga milima yenye theluji msiyowahi kuikanyaga, na stesheni ambazo hakuna anayefagia. Watu wa njia mkiwaweka ni pambo, watatu wamegandishwa kando kama maua ya plastiki. Kisha baada ya mwaka treni inaanza kusitasita, mnasema kifaa ni kibovu, mnafunika meza kwa shuka, mnaanza nyingine.

Wapo walioelewa mapema. Roye England alifika Uingereza kutoka Australia mwaka 1925 akiwa kijana, akaona nyumba za mashambani zenye mapaa ya nyasi zikibadilishwa na kupotea. Akaamua kuzitengeneza kwa udogo, kwa kipimo, kabla hazijasahaulika. Kazi hiyo ndiyo imekuwa makumbusho ya Pendon katika kijiji cha Long Wittenham. England alishafariki, na watu wa kujitolea bado wanaendelea. Hakuna anayewadai siku ya kumaliza. Huko Marekani, klabu ya treni za mfano ya chuo cha MIT, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilikuwa na vijana wa aina mbili: waliopaka rangi vilima na majengo juu ya meza, na walioshinda chini ya meza kwenye nyaya na swichi. Hao wa chini ndio waliokuja kuzivamia kompyuta za mwanzo za chuo hicho, na msamiati wao wa utani ndio ulioleta neno ambalo leo kwa Kiswahili tunalitafsiri udukuzi. Walijifunza kufikiri palepale ambapo mgeni haangalii.

Na yupo John Allen wa Monterey, California, aliyejenga Gorre & Daphetid, reli ya nyumbani iliyosifiwa pengine kuliko zote nchini mwake. Alifariki Januari 1973. Siku chache baadaye moto uliiteketeza karibu yote. Sisemi kuna aliyezembea. Nasema tu kwamba kazi ya miaka zaidi ya 20 iliishi siku chache baada ya mtu wake kuondoka. Kila meza ya namna hii iko hivyo. Hata bila moto, yangu niiache mwaka mmoja, vumbi na mchwa vitafanya taratibu kile moto ulichofanya usiku mmoja.

Mtu ataniambia nimekuza mambo, kwamba nchi si meza. Ni kweli, lakini reli ni ile ile. Tuna methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaifundisha shuleni, tunaiandika kwenye kanga, kisha tunangoja ukuta uanguke, maana kuziba ufa hakuna utepe wa kukata. Hakuna ngoma inayochezwa boliti inapokazwa. Mgeni rasmi haji kushuhudia kokoto ikishindiliwa.

Juni 2024 treni za umeme za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na kabla Julai haijaisha zikafika Dodoma. Nimeipanda. Nimefurahi kama mtoto. Pale Kilosa wametoboa milima, njia ikauacha mto bondeni ugombane na wengine, na nikamkumbuka baba. Sina neno baya juu yake. Ugomvi wangu ni na wanaosema sasa ile ya zamani iuzwe chuma chakavu, imepitwa. Watu wa Kaliua na Uvinza treni yao ni hiyo. Na hata huo mpya, chuma hakijui kwamba ni cha kisasa. Gurudumu linaila reli ya 2024 kama lilivyoila ya 1914. Swali la kuuliza siku ya uzinduzi si treni inakimbia kiasi gani. Ni gengi linalala wapi, lina vifaa gani, na analipwa nani kutembea njia alfajiri.

Wapo wanaojibu kwamba matunzo ni gharama, afadhali kuanza upya na kitu bora. Hata mimi nimeshauriwa hivyo: uza hii, nunua ile ya kisasa inayoendeshwa kwa simu. Ni nzuri, nimeiona. Nayo inapata umeme kupitia reli, magurudumu yake yanaacha utando ule ule mweusi. Nitakuwa nimebadilisha treni na kubaki na kitambaa. Anayekimbia matunzo kwa kununua kipya amenunua muda tu, na muda wenyewe ni mfupi.

Jambo jingine wanaloniomba wageni, hasa wanaume watu wazima, ni kwamba nizigonganishe. "Hebu zikutane tuone." Nakataa, na wananiona mkali. Tarehe 24 Juni 2002, kati ya Msagali na Igandu, mbele kidogo ya hapo meza yangu inapoishia, treni ya abiria iliyokuwa inapanda ilirudi nyuma kwa kasi ikashuka na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 280. Mezani pangu hakuna mgongano wa kuchekesha. Breki za mabehewa yangu ni za kuigiza, lakini kila wiki nakagua kama yameungana sawasawa.

Basi, wewe unayetaka kuanza, nakupa masharti yangu. Nunua spiriti na kitambaa kabla ya injini. Jenga fupi, mita unazoweza kuzifuta asubuhi moja, wala usione aibu. Acha nafasi ya kulala chali chini ya meza, maana utazeeka na nyaya zitakuwa bado zipo. Chagua kipande cha njia unachokijua, hata kama hakina stesheni maarufu. Na weka gengi. Usiliweke nyuma ya kichaka. Liweke pale ambapo kamera lazima ilipitie, likiwa na sululu mkononi.

Nanyi mnaoandaa maonyesho na mashindano ya kazi za mikono, mnaotoa zawadi kwa kitu kipya kinachong'aa, anzisheni zawadi moja tu ya namna nyingine. Mtu aje na kile alichotengeneza miaka 10 iliyopita, akiwashe mbele ya watu, na kikitembea kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusukumwa kwa kidole, apewe yeye. Nina hakika foleni itakuwa fupi. Ifanyike hivyo hivyo.